Nilivyohama kutoka santuri hadi faili, na kilichobaki masikioni

Begi langu la kwanza la santuri lilikuwa na uzito wa karibu kilo 20. Ndani yake zilienea santuri 80 za inchi 12, na kila siku ya kazi yangu ya udijei nilikaa sakafuni mbele ya rafu nikizichambua: hii iende, hii ibaki, hii wiki iliyopita haikumwinua mtu kitini. Santuri ya 81 haikuwa na pa kukaa. Ukitaka kuingiza moja, utoe moja. Kufika ukumbini nilikuwa nimeshaupiga usiku mzima kichwani mara mbili au tatu, na kila jalada nalijua kwa mgongo wake, hata gizani.

Leo muziki wangu wote unaenea kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba. Nafurahi, na mgongo wangu unafurahi zaidi. Lakini ilinichukua miaka kuelewa kwamba ule uzito ulikuwa unanifanyia kazi, na kwamba nilipoutua nilitua na vitu vingine bila kuviona vikianguka. Ndivyo ninavyotaka kuvisimulia, kwa sababu nakutana sana na vijana wanaobishana santuri au dijitali, na ubishi wao huishia kwenye swali la sauti ipi ni nzuri. Swali hilo lina jibu, nitalifikia. Ila kwangu mimi si hilo lililokuwa kubwa.

Nilianza mwaka 1998, nikiwa msaidizi wa kaka mmoja aliyekuwa anapiga kwenye kumbi. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kufuta vumbi na kurudisha santuri kwenye majalada yake. Mashine zake zilikuwa Technics SL-1200MK2, toleo lililotoka mwaka 1979 na ambalo kila dijei wa zama zile alilitamani. Siri yake ni mota. Mashine nyingi za nyumbani zinazungusha sahani kwa mkanda wa mpira, na ukizichezea kwa mkono, kasi inachukua muda kurudi. Kwenye 1200 sahani imekaa juu ya mota yenyewe. Unaishika santuri kwa kidole, sahani inaendelea kuzunguka chini ya kitambaa laini, ukiachia tu wimbo unaondoka na kasi yake kamili. Pembeni kuna pichi, kile kitelezi kinachoongeza au kupunguza kasi hadi asilimia 8. Mota ile na kitelezi kile ndivyo vilivyobeba kazi yetu yote.

Miezi mitatu ilipita kabla sijaruhusiwa kugusa. Siku hiyo ukumbi ulikuwa bado mtupu. Akanivika hedifoni, sikio la kulia ndani, la kushoto nje likisikiliza spika.

"Mdogo wangu, usiniangalie mimi," akaniambia. "Sikiliza. Hii ya hedifoni inatangulia au inachelewa?"

Sikujua. Nilisikia fujo tu ya dramu juu ya dramu. Nikabahatisha: inachelewa. Akatikisa kichwa, akarudisha sindano mwanzo, akauliza tena swali lile lile. Tulifanya hivyo mpaka watu wakaanza kuingia.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuieleza. Chukua ngoma mbili, moja ina mipigo 120 kwa dakika, nyingine 121. Ukizianzisha pamoja, sekunde chache za mwanzo hakuna atakayegundua. Baada ya nusu dakika zimeachana kwa nusu mpigo. Dramu ya hii inaangukia katikati ya dramu za ile, na ukumbi mzima unasikia kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja waliopoteana zamu. Yote hayo kwa tofauti ya mpigo mmoja tu katika dakika nzima. Sikio la dijei linatakiwa liinase tofauti hiyo mapema, wimbo wa pili ungali kwenye hedifoni peke yake, na santuri haikwambii lolote. Haina namba wala taa. Ni plastiki nyeusi yenye mfereji.

Wiki nyingi nilikuwa nakosea. Kisha nikaanza kuhisi kitu ambacho hadi leo napata shida kukieleza: wimbo unaotangulia unakuwa kama unakuvuta shingo mbele, unaochelewa unakuwa mzito, kama unaburutwa. Ukihisi unatangulia, unagusa ukingo wa sahani kwa ncha ya kidole, wepesi kabisa. Ukihisi unachelewa, unaisukuma santuri pale kwenye karatasi ya katikati. Kisha unasogeza pichi kwa upana wa uzi, unasikiliza tena. Siku niliyoipata kwa mara ya kwanza, matoazi yaliyokuwa yanachakarika mawili mawili yaliungana yakawa moja, na kichwani pakatulia kama chumba ambacho feni yake imezimwa. Kaka hakusema neno. Alinyoosha mkono, akaufungulia ule wimbo wa pili kwenye spika, akaniachia mashine.

Niliposema santuri haikwambii lolote sikusema kweli yote. Ukiiinamisha kwenye mwanga utaona mistari inabadilika rangi. Penye dramu na besi nzito mfereji unayumba sana na mwanga unatawanyika. Pale ambapo ala zimepungua ikabaki sauti tu, panaonekana peusi na laini. Tulikuwa tunausoma wimbo hivyo, tunajua dramu zitakatika wapi na zitarudi wapi. Mchoro wa mawimbi unaouona leo kwenye skrini, sisi tuliusoma kwa kuinamisha santuri chini ya taa ndogo ya mezani.

Sasa sauti. Wanaosema santuri ina utamu wake hawakosei, nimeusikia na naupenda. Lakini nimesimama nyuma ya mashine muda wa kutosha kujua unavyopotea. Santuri haiwezi kubeba besi kama ilivyo, kwa sababu besi kubwa inataka mfereji mpana na ingekula nafasi yote. Kwa hiyo wakati wa kuichonga, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, kwa kipimo kinachoitwa RIAA ambacho kimekuwa kanuni tangu miaka ya 1950. Ukiicheza, tundu la fono, yaani la santuri, kwenye miksa, kile chombo kinachounganisha mashine na spika, linageuza kinyume: linarudisha besi, linapunguza za juu, na kuukuza mkondo wa umeme wa sindano ambao ni milivolti chache tu. Nililijua hilo siku nilipochomeka waya za santuri kwenye tundu la "laini", lile la vifaa vingine lisilofanya mageuzi hayo. Sauti ilitoka nyembamba, mbali, besi hakuna, matoazi yanachoma. Nilihangaika na spika dakika tano nzima mbele ya watu waliosimama wakinitazama, kumbe kosa lilikuwa kwenye tundu moja nyuma ya miksa.

Usiku mwingine ulikuwa mbaya zaidi. Meza yetu iliwekwa juu ya jukwaa la mbao, na spika za besi zikapangwa kwenye jukwaa hilohilo. Nilipoongeza sauti ukaanza mvumo, mzito, unaokua wenyewe hata wimbo ukinyamaza. Spika zilikuwa zinatikisa jukwaa, jukwaa linatikisa meza, sindano inausoma ule mtikisiko kama muziki na kuurudisha kwenye spika. Duara lisilokatika. Tulilikata kwa kupunguza besi karibu yote, na sherehe ikaisha bila kishindo. Tangu hapo nilisafiri na vipande viwili vya sponji nene na vitalu viwili vya saruji: sponji chini, kitalu juu yake, mashine juu ya kitalu. Vilizidi begi la santuri kwa uzito, lakini mvumo ule haukunirudia.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa santuri hawalizungumzi. Mzunguko mmoja kwa kasi ya 33⅓ unachukua sekunde 1.8, sindano ikiwa ukingoni au karibu na katikati. Ukingoni, katika sekunde hizo sindano inapita zaidi ya sentimita 90 za mfereji. Ikifika ndani kabisa inapita kama sentimita 38 tu. Muziki uleule unabanwa kwenye urefu usiofikia nusu. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande mara nyingi husikika una ukungu kwenye herufi za "s" na kwenye matoazi. Nilikuwa na wimbo mmoja nilioupenda kupita yote na ulikuwa hapo ndani. Kila nilipoupiga nilikuwa naona uchungu.

Faili nzuri haina shida hizo. Faili ya kiwango cha CD, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, ikiwa WAV au FLAC, aina za faili zisizotupa chochote, inabeba masafa yote ambayo sikio la binadamu linasikia, na ukiicheza mara ya elfu inatoka kama ya kwanza. Jibu la swali la sauti basi ndilo hilo, ila lina sharti: faili iwe nzuri. WAV inakula kama megabaiti 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inakula 2.4. Ile ya 128 haifiki hata megabaiti moja, na kilichopungua hapo ni muziki uliotupwa.

Hili nalo nililijua kwa kuumia. Kulikuwa na wimbo wa kuingilia bibi na bwana harusi, nikapewa na mtu siku ileile, MP3 ya 128. Kwenye hedifoni haukuwa na neno. Nikaugeuza kuwa WAV nikiamini nimeupandisha daraja. Kwenye spika kubwa makofi yalikuwa kama mtu anasugua karatasi, na matoazi yanachuruzika kama maji. Bibi harusi labda hakujali, lakini mimi nilisikia kila sekunde. Kilichotupwa hakirudi kwa kubadilisha aina ya faili; unapata faili kubwa yenye umaskini uleule. Siku hizi nikiletewa wimbo naufungulia kwanza kwenye spika, naukazia sikio kwenye matoazi na kwenye mkia wa mwangwi, hapo ndipo uongo wote hujificha.

Nilihama mwaka 2007, na sikuhama kwa mara moja. Kulikuwa na Serato Scratch Live, mfumo uliotoka mwaka 2004. Unaweka kwenye mashine santuri isiyo na muziki, ina mlio maalumu tu. Kompyuta inausikiliza mlio huo na kujua santuri inakwenda kasi gani, upande gani, na sindano ipo wapi, kisha inacheza faili yako vivyo hivyo. Ukiishika kwa kidole, faili inasimama. Ukiirudisha nyuma, inarudi nyuma. Mikono yangu haikugundua tofauti, na begi likabaki nyumbani. Ule wimbo wangu wa upande wa ndani nikaununua upya kama faili, nikausikia safi kwa mara ya kwanza. Nilikaa nao usiku huo hadi nikachoka.

Baadaye nikaingia kwenye mashine za flashi. Somo la kule lilikuwa fupi. Flashi hupangwa kwa mifumo tofauti ya kuhifadhi faili; nilifika na mpya iliyopangwa kwa exFAT, mashine zilizokuwepo zilisoma mfumo wa FAT32 tu, nikasimama mbele ya skrini inayoniambia hakuna kitu. Tangu hapo nabeba flashi mbili, zote FAT32, zote nimezijaribu, na hazikai mfuko mmoja.

Lakini hasara niliyoitaja mwanzoni ilikuja polepole. Kufikia mwaka wa tano nilikuwa na nyimbo zaidi ya 11,000. Nilizipata kwa mafungu, nyingine sijazisikiliza hadi mwisho hata mara moja. Na usiku mmoja, ukumbi umejaa, wimbo umebakiza dakika moja na nusu, nikajikuta nimesimama mbele ya kisanduku cha kutafutia na sijui niandike nini. Mkono uko juu ya vitufe, akili nyeupe. Enzi za begi jambo hilo halikunitokea hata siku moja. Nilikuwa navipekua vichwa vya majalada kwa vidole, jalada lililochanika kona, jalada lenye alama ya kalamu, na wimbo unaofuata ulikuwa unajitokeza wenyewe. Nyimbo 80 nilizojua pumzi zake zilikuwa nyingi kuliko hizi 11,000 nilizozijua majina.

Na masikio yakawa yamelala. Mashine ina kitufe cha kulinganisha mipigo, unabonyeza, nyimbo zinakwenda pamoja. Sikilaumu kitufe hicho, kimeniokoa mara nyingi nikiwa na mambo mengine ya kufanya. Ila kinafanya kazi kwa kufuata gridi, ile mistari ambayo programu imeichora juu ya wimbo ikikisia kila mpigo uko wapi. Kwa muziki uliotengenezwa kwenye kompyuta, gridi inakaa barabara. Kwa rekodi za zamani, mpiga dramu ni mtu. Anaongeza kasi kidogo kwenye korasi kwa sababu damu imemchemka, anapumua kwenye ubeti. Nilichanganya wimbo wa namna hiyo na wa kisasa, nikabonyeza kitufe, nikaangalia skrini: mistari imenyooka, kila kitu kijani. Masikioni kinu kile kikaanza. Na mimi, badala ya kugusa sahani, niliendelea kuangalia skrini, kama nusu dakika, nikingoja macho yanieleze kwa nini masikio hayapendi. Sikuwa nimewahi kuiona aibu ya namna hiyo hata nilipokuwa najifunza, kwa sababu wakati ule nilikuwa sijui. Usiku ule nilikuwa najua na nimeacha.

Nilichofanya baada ya hapo si kurudi kwenye santuri, ingawa nilijaribu kwa miezi kadhaa. Santuri mpya ni ghali kwa mtu anayepiga kila wiki, muziki mwingi ninaoupiga hautoki kwa santuri, na vifaa navyo vina maisha yake. Technics waliisimamisha 1200 mwaka 2010, wakairudisha 2016. Kampuni ya Shure iliacha kutengeneza sindano mwaka 2018, nami nikabaki na sindano zake mbili za M44-7 ambazo nazitunza kama mboni ya jicho. Zipo nyumbani, zinafanya kazi, na jioni nyingi nazitumia. Kazini napiga faili.

Nilichofanya ni kulirudisha begi. Kwa kila kazi natengeneza folda moja yenye nyimbo 80. Ya 81 haiingii mpaka moja itoke. Nazisikiliza zote, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata nizijuazo, na kila moja naiandikia maneno machache kwenye sehemu ya maelezo: inapanda baada ya ubeti wa pili, besi inaingia imechelewa, usiipige kabla ya saa sita usiku. Zile 11,000 zimo kwenye flashi kwa ajili ya mtu atakayekuja na ombi, lakini sizifungui vinginevyo. Na safu inayoonyesha idadi ya mipigo nimeificha kwenye skrini. Mwezi wa kwanza niliteseka. Mwezi wa pili shingo ikaanza tena kuvutwa mbele na kuburutwa nyuma, kama zamani.

Jambo moja nimelikubali bila kinyongo: kuna kitu faili inafanya ambacho santuri haitakaa ifanye. Ukiongeza kasi ya santuri kwa asilimia 6, wimbo wote unapanda karibu nusu toni, na mwimbaji uliyemzoea anakuwa mtu mwingine. Kwa faili unafunga ufunguo, yaani kimo cha sauti, kasi inapanda, sauti yake inabaki palepale. Kwa nyimbo za watu wenye sauti nzito hilo ni neema, na nalitumia kila wiki.

Sasa nina msichana anayenisaidia. Amezaliwa kwenye faili, hajawahi kubeba begi, na ana kipaji cha kuchagua wimbo kuliko nilivyokuwa umri wake. Wiki chache zilizopita tulifika mapema, ukumbi bado mtupu. Nikatoa kitambaa cha kufutia vumbi, nikafunika skrini zote mbili, nikampa hedifoni.

"Kaka, sasa nitajuaje?" akaniuliza.

"Inatangulia au inachelewa?"

Akafumba macho. Akasema inachelewa, na ilikuwa inatangulia. Tukarudia. Akakosea tena, akapata, akakosea mara mbili mfululizo, akacheka kwa hasira, akavua hedifoni, akavaa tena. Wahudumu walikuwa wanapanga viti nyuma yetu. Mara ya tisa au ya kumi hakujibu swali langu. Aligusa ukingo wa gurudumu kwa ncha ya kidole, akasogeza pichi kidogo, akatulia, na mabega yake yakashuka. Nikanyoosha mkono nikaufungulia wimbo wa pili kwenye spika.